MTOTO MWENYE USONJI: TUMFUNDISHE KWA HATUA AU KWA MCHEZO?



Leo katika ukurasa wetu wa afya tutajifunza juu ya watoto wenye usonji. Tutajifunza pia njia mbili za kuwasaidia. Njia ya kwanza ni kufundisha kwa hatua na zawadi. Njia ya pili ni kufundisha kwa mchezo.

Wataalamu wa nchi mbalimbali wamebishana juu ya njia hizi kwa miaka mingi. Ubishi huo unatuhusu hata sisi tulioko Mbulu na Hanang. Wako watoto wanaofichwa ndani kwa sababu wazazi wanadhani hawawezi kujifunza lolote. Miaka ya utotoni inapita na hairudi. Lakini mengi ya kumsaidia mtoto huyu yanaweza kufanywa uani na jikoni, na baba, mama, bibi au dada.

USONJI NI NINI?

Usonji ni hali ya ubongo kukua kwa namna tofauti. Hali hii huanza mapema sana, mara nyingi tangu mtoto yuko tumboni. Mtoto mwenye usonji huona vigumu kuzungumza na kushirikiana na watu. Tazama dalili hizi:

1. Amefika mwaka mmoja, lakini ukimwita jina haitiki, ingawa anasikia.
2. Amefika mwaka mmoja na nusu, lakini haonyeshi kitu kwa kidole.
3. Amefika miaka miwili, lakini hajaunganisha maneno mawili, kama “mama njoo”.
4. Alikuwa ameanza kusema, kisha akaacha.
5. Hurudia jambo moja kwa muda mrefu. Hupanga magunzi mstari mmoja, au huzungushazungusha kifuniko.
6. Huziba masikio na kulia akisikia kelele, kwa mfano ya mashine ya kusaga.

Dalili moja peke yake haitoshi kusema mtoto ana usonji. Lakini ukiziona mbili au tatu, usingoje. Pia watoto hawa hawafanani. Mmoja hasemi kabisa. Mwingine anasema sana, lakini juu ya jambo moja tu. Wengine wana kifafa pia.

Usonji si laana. Hautokani na mama kumlea mtoto vibaya. Hauambukizi. Mara nyingine huonekana zaidi katika ukoo mmoja. Wala hauletwi na chanjo. Mwaka 1998 gazeti moja la waganga la Uingereza liliandika kuwa chanjo ya surua inahusika na usonji. Uchunguzi ulionyesha kuwa habari ile haikuwa ya kweli, na mwaka 2010 gazeti lenyewe liliifuta. Kwa hiyo mpeleke mtoto chanjo zote.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya watu 127 duniani alikuwa na usonji. Fikiri juu ya kijiji chenye watu 3,000. Kwa hesabu hiyo ya dunia, kijiji hicho kingekuwa na watu zaidi ya 20 wenye usonji, wakubwa kwa watoto. Wako wapi? Wengine tunawaita bubu. Wengine tunawaita wajinga au wakorofi. Wengine hatuwaoni kabisa, kwa kuwa wamefungiwa ndani.

NJIA YA KWANZA: HATUA NA ZAWADI

Kila mfugaji anajua jambo hili. Ng’ombe akikuta magadi mahali fulani, kesho atarudi pale pale. Jambo likileta kitu kizuri, hurudiwa. Mtoto si ng’ombe, lakini binadamu naye hujifunza hivyo. Njia ya kwanza imejengwa juu ya ukweli huu.

Mwalimu huchukua kazi moja na kuikata vipande vidogo. Tuseme mama anamfundisha mtoto wa miaka minne kunawa mikono kwenye kibuyu chirizi. Hatua ni hizi: kukanyaga mti, kulowesha mikono, kushika sabuni, kusugua, kusuuza, kukung’uta maji.

Siku za kwanza mama anashika mikono ya mtoto na kufanya naye hatua zote. Mtoto akimaliza, mama anamsifu papo hapo na kumpa kitu anachokipenda, labda kipande cha muwa. Baadaye mama anashika kiwiko tu. Baadaye anaonyesha kwa kidole tu. Mwishoni mtoto ananawa mwenyewe, na zawadi inabaki kuwa sifa.

Njia hii ilipata sifa kubwa mwaka 1987. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Ivar Lovaas, aliandika juu ya watoto wadogo 19 waliofundishwa hivyo saa 40 kwa wiki, kwa miaka miwili au zaidi. Alisema watoto 9 kati yao walimaliza darasa la kwanza katika shule ya kawaida. Wazazi wengi walifurahi sana.

Lakini kulikuwa na mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, watoto wale hawakugawanywa katika makundi kwa kura. Kwa hiyo ilikuwa vigumu kujua kama ni mafunzo tu yaliyoleta tofauti. Pili, katika miaka ya 1960 Lovaas alitumia pia adhabu, kama makofi na hata mshituko wa umeme. Adhabu hizo zililaumiwa sana. Na hata bila adhabu, wapo watu wazima wenye usonji wanaosema kuwa kukalishwa kwenye kiti na kuamriwa jambo lile lile kutwa nzima kuliwaumiza.

NJIA YA PILI: MCHEZO

Watoto wetu hufinyanga ng’ombe wa udongo na kuwachunga. Hubeba gunzi la mahindi mgongoni kama mtoto mchanga. Watu wazima husema, “Wanacheza tu.” Lakini katika mchezo ule mtoto anajifunza kusema, kungoja zamu, kuiga na kufikiri mwenzake anataka nini. Haya ndiyo mambo yanayomshinda mtoto mwenye usonji.

Katika njia ya pili, mtu mzima haanzi kwa kuamuru. Anaanza kwa kumfuata mtoto. Mmoja wa walioieneza njia hii Marekani ni daktari Stanley Greenspan. Yeye aliwafundisha wazazi kukaa sakafuni na mtoto na kuingia katika mchezo wake.

Tuseme mtoto anapiga debe kwa gunzi. Amepiga tangu asubuhi, na hamtazami mtu. Mama hamnyang’anyi gunzi. Anakaa chini mbele yake, anachukua gunzi lake, naye anapiga debe mara moja. Kisha anangoja. Mtoto anapiga. Mama anapiga. Baadaye mama anaacha kupiga zamu yake. Mtoto anashangaa na kumtazama, kama anayesema, “Mbona hupigi?” Hapo mama anacheka, anasema “Piga!” na kupiga.

Yale ni mazungumzo, ingawa mtoto hajasema neno. Yeye ametoa, mama amejibu. Siku nyingine mama ataongeza jambo dogo. Atapiga polepole, au atapiga mara mbili. Fuata mtoto, ongeza kidogo, kisha ngoja. Kungoja ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Watu wazima tuna haraka. Hesabu moja mpaka kumi kimoyomoyo kabla ya kusema tena.

Njia hii nayo ina upungufu wake. Mchezo peke yake unaweza kuchelewa kumfundisha mtoto kutumia choo au kuogopa moto. Na mtu asiyeelekezwa anaweza kukaa karibu na mtoto bila kuongeza lolote, akidhani anamsaidia.

TOFAUTI ZAKE

Nani anaongoza? Katika hatua, mtu mzima. Katika mchezo, mtoto.

Zawadi ni nini? Katika hatua, ni sifa au kitu kinachotolewa baada ya kazi. Katika mchezo, furaha ya mchezo ndiyo zawadi.

Inafaa nini zaidi? Hatua zinafaa kazi zenye mwanzo na mwisho, kama kuvaa, kunawa na kutumia choo. Mchezo unafaa kumzoeza mtoto kutazama watu, kuiga, kupokezana na kutaka kusema.

Hatari yake ni nini? Hatua zikizidi, mtoto hufanya kama mashine, au huchukia kufundishwa. Mchezo bila mpango hauendi mbele.

IPI INASHINDA?

Mwaka 2010 matokeo ya watoto 48 wa Marekani yalitangazwa. Walikuwa wa umri wa mwaka mmoja na nusu hadi miwili na nusu. Sally Rogers na Geraldine Dawson walikuwa wamechanganya njia hizi mbili, yaani hatua ndogo ndogo ndani ya mchezo. Baada ya miaka miwili, watoto waliofundishwa hivyo walikuwa mbele kwa lugha na kwa kufikiri kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida.

Mwaka huo huo, Uingereza ilitoa matokeo ya watoto 152. Huko wataalamu hawakumfundisha mtoto. Walimfundisha mzazi namna ya kumtazama mtoto wakati wa mchezo na kumjibu. Watoto walipofuatiliwa miaka kadhaa baadaye, na taarifa kutolewa mwaka 2016, bado faida ilionekana.

Je, kazi hii inawezekana mahali pasipo na wataalamu? Mwaka 2016 yalitoka matokeo kutoka Goa, India, na Rawalpindi, Pakistan. Watoto 65 walishiriki. Wahudumu wa afya ambao si mabingwa walifundishwa, kisha wakawafundisha wazazi kwa miezi sita. Wazazi walijifunza kuwajibu watoto vizuri zaidi. Watoto nao walianza kuwaendea wazazi wao mara nyingi zaidi kuliko zamani.

Kisha mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Micheal Sandbank wa Marekani walikusanya taarifa 150 za utafiti na kuzipima. Waliona kuwa utafiti mwingi wa njia ya hatua peke yake haukufanywa kwa uangalifu wa kutosha. Walipobakiza utafiti uliogawa watoto kwa kura, njia za kumfuata mtoto, na zile zinazochanganya hatua na mchezo, ndizo zilizokuwa na ushahidi bora wa kusaidia mawasiliano.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, jibu si kuchagua moja na kuitupa nyingine. Anza na mchezo, na uweke hatua ndogo ndani yake. Ndivyo yanavyofanya hata mafunzo ya walezi ya Shirika la Afya Duniani. Mafunzo hayo ni ya wazazi wa watoto wa miaka 2 hadi 9. Wazazi hukutana kwa kikundi mara 9 na kutembelewa nyumbani mara 3. Yamejaribiwa katika nchi nyingi, pamoja na jirani zetu Kenya, na pia Ethiopia.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Tuseme mtoto anataka maziwa. Kila siku analia, na mama anampa ili anyamaze. Mtoto anajifunza kulia. Leo mama afanye hivi. Ashike kikombe cha maziwa mahali mtoto anapokiona. Angoje. Mtoto akigusa mkono wa mama, au akitoa sauti yoyote, au akitazama kikombe kisha mama, hapo hapo mama aseme “Maziwa!” na ampe kidogo. Angoje tena. Asimtese mtoto kwa njaa. Ni kungoja kwa muda wa kuhesabu kumi tu, kisha apewe hata kama hajafanya kitu.

Tazama jambo hili vizuri. Kuna hatua ndani yake, na kuna zawadi. Lakini zawadi ni maziwa yenyewe aliyoyataka, na mwanzo umetoka kwa mtoto. Njia mbili zimekuwa moja.

Hayo yanaweza kufanywa katika kazi zetu za kila siku:

Wakati wa kupukuchua mahindi au kuchambua maharagwe, mpe mtoto fungu lake. Weka punje moja wewe, aweke moja yeye.

Wakati wa kwenda kisimani, imbeni wimbo ule ule kila siku. Siku moja nyamaza kabla ya neno la mwisho, uone kama atalimalizia.

Wakati wa kulala, fuata utaratibu mmoja: kunawa, kula, kulala. Mtoto mwenye usonji hutulia akijua jambo linalofuata.

Mama ana shamba, kuni na maji. Hana saa 40 kwa wiki. Lakini anaweza kupata nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, na nyakati nyingine katikati ya kazi. Baba naye asikae mbali. Kaka na dada ni walimu wazuri wa mchezo wakionyeshwa namna ya kungoja.

Sema na mtoto kwa lugha mnayoitumia nyumbani, iwe Kiiraqw, Kibarabaig au Kiswahili. Usiache lugha ya nyumbani kwa kudhani itamchanganya. Lugha unayoijua vizuri ndiyo utakayochezea na mtoto vizuri.

Jambo la hatari lifundishwe kwa hatua, na mapema. Moto, kisima, korongo na barabara vimeua watoto. Mtoto mwenye usonji anaweza kuondoka nyumbani bila kuaga, na akiitwa asiitike. Weka uzio uani na funika kisima. Waeleze majirani na wachungaji wa mifugo kuwa mtoto huyu haitiki, ili wakimwona peke yake wamrudishe.

TUSIFANYE NINI?

Tusimpige. Fimbo haimfundishi kusema. Inamfundisha kuogopa.

Tusimfunge kamba wala kumfungia ndani tunapokwenda shamba. Tunajua wanaofanya hivyo mara nyingi wanaogopa asipotee. Ni afadhali ndugu na majirani wapeane zamu za kumwangalia.

Tusimlazimishe kutazama machoni. Akitazama mwenyewe kwa furaha, vema.

Tusiuze ng’ombe kumlipa mtu anayeahidi kuuondoa usonji. Hakuna dawa inayouondoa. Hata njia hizi mbili haziuondoi. Zinamsaidia mtoto ajifunze, aeleweke na aishi vizuri na watu. Kifafa ni jambo jingine. Kifafa kina dawa hospitalini, na mtoto mwenye kifafa asikose dawa.

TWENDE WAPI?

Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Chukua kadi ya kliniki. Eleza uliyoyaona na mtoto alikuwa na umri gani. Omba mtoto apimwe masikio, kwa sababu asiyesikia naye haitiki. Ukipewa barua, nenda hospitali mjini Mbulu, Katesh au Haydom. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom inahudumia watu wa sehemu hizi tangu mwaka 1955.

Shule nayo ni haki yake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki ya mtoto mwenye ulemavu kusoma. Mwone mwalimu mkuu na afisa elimu wa wilaya. Walimu wa elimu maalumu hufundishwa hapa nchini, katika Chuo cha Patandi kilichoko Arusha. Na huko Lushoto, mkoani Tanga, iko Shule ya Irente Rainbow. Watoto wenye usonji na wenye ulemavu wa akili hujifunza pale pamoja na kazi za nyumbani na za bustani, ili wakirudi kwao wawe na mchango. Hilo ndilo lengo letu pia. Mtoto anayejua kuchambua maharagwe, kuchota maji na kulisha kuku ana nafasi yake katika nyumba.

KUMBUKA

Usonji si laana na si kosa la mama.
Anza mapema. Usingoje mtoto afike umri wa shule.
Fuata mtoto, ongeza kidogo, ngoja.
Kata kazi ngumu vipande vidogo, na usifu kila kipande.
Usipige, usifunge kamba, usifiche.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi walikaa kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Nasi tusome, tujadili, kisha tutende.

1. Taja dalili tatu za usonji.
2. Njia ya hatua na njia ya mchezo zinatofautiana namna gani?
3. Katika mfano wa maziwa, hatua iko wapi? Mchezo uko wapi? Zawadi ni nini?
4. Chagueni kazi moja ya nyumbani. Ikateni vipande sita ambavyo mtoto anaweza kufundishwa.
5. Je, kijijini kwetu yupo mtoto anayefichwa? Nani atakwenda kuzungumza na wazazi wake kwa upole, na lini?

MANENO MAPYA

Usonji: hali ya ubongo kukua kwa namna tofauti, inayofanya mawasiliano kuwa magumu.
Kibuyu chirizi: chombo cha kunawia kinachomimina maji kwa kukanyaga mti.
Mlezi: mtu yeyote anayemtunza mtoto, awe mzazi au ndugu.
Mawasiliano: kupeana habari kwa maneno, kwa ishara au kwa macho.